Wakala Mwaminifu wa Riwaya ya Kisayansi: Funzo Kutoka Nchi ya Chai

Utangulizi

Mkulima wa Litein au Mogogosiek haendi Mombasa kuuza chai yake mwenyewe. Hupeleka majani mabichi kituoni, yakapimwa, naye akapewa stakabadhi. Kiwanda huyasindika, kisha dalali huinadi chai mnadani, na ujira wake hutokana na mauzo. Makala haya yanatumia mfano huo kuonyesha jinsi mwandishi wa riwaya ya kisayansi anavyoweza kumtambua wakala wa kuaminika.

Hali ya utanzu

Ubunifu wa aina hii si mgeni katika Kiswahili. Shaaban Robert alijenga nchi ya angani katika Kusadikika (1951), naye Katama Mkangi akamfikisha Dzombo katika ulimwengu mwingine katika Walenisi (1995). Hata hivyo, wachapishaji wengi wa Kenya hutegemea soko la shule, na mawakala wa fasihi ni haba. Mara nyingi mwandishi humwendea mchapishaji moja kwa moja, au huwasilisha mswada katika mashindano kama tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Wakala huhitajika zaidi pale kazi inapotafuta soko la London au New York, hasa kwa njia ya tafsiri. Huko ndiko mwandishi mchanga anakoweza kunaswa, kwa kuwa hamjui anayemwandikia.

Vigezo vya uaminifu

Kwanza ni malipo. Uingereza na Marekani, wakala kwa kawaida huchukua takriban asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na mara nyingi asilimia 20 kwa mauzo ya nje. Anayedai ada ya kusoma mswada ni sawa na dalali anayemtoza mkulima kabla chai haijanadiwa: hana haja tena ya kuiuza. Uhariri ni kazi halali ya kulipiwa, lakini mhariri huyo asiwe wakala yuleyule.

Pili ni ushahidi. Wakala wa kweli hutaja vitabu alivyouza na wachapishaji walivyovinunua, nao wachapishaji hao huweza kuulizwa. Aidha, awe amewahi kuuza riwaya za kisayansi. Aliyezoea vitabu vya upishi huenda asijue pa kubisha hodi.

Tatu ni mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi yaliyotiwa saini. Kwa hiyo mwandishi asome kila kifungu: ni haki zipi anazozikabidhi, kwa muda gani, na mkataba huvunjwaje.

Hitimisho

Mfano wa chai una mipaka yake, na mipaka hiyo nayo inafunza. Jani lililochumwa halina budi kufika kiwandani upesi, lakini mswada hauozi. Hakuna sababu ya kutia saini kwa pupa. Tena, mchai huchipua baada ya kuchumwa, ilhali hakimiliki iliyouzwa yote haichipui.

Maswali ya mjadala

1. Je, uhaba wa mawakala unaathiri vipi ukuaji wa riwaya ya kisayansi ya Kiswahili?
2. Linganisha nafasi ya dalali wa chai na ile ya wakala wa fasihi.