Kichwa Kinauma Ukisoma? Pima Macho

Siku moja bibi mmoja alikuja kwenye zahanati yetu wilayani Muleba. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Alikuwa ameacha darasa la kusoma kwa wiki tatu.

"Mjukuu wangu," alisema, "herufi zinanipasua kichwa. Jirani anasema nimerogwa nisijue kusoma. Mimi naona ni uzee tu. Nimeacha."

Kila jioni alikuwa akimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Nilimpima malaria. Hakuwa nayo. Nilimpima presha. Ilikuwa nzuri. Kisha nilimpa gazeti asome. Alilisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Hapo nikamwambia, "Bibi, hukurogwa. Macho yako yanataka miwani."

Kwa nini macho huumiza kichwa?

Ndani ya jicho kuna lenzi. Lenzi ni kama kioo kidogo, lakini ni laini. Ukitazama kitu cha karibu, lenzi hujikunja ili uone vizuri. Mtu akifika miaka 40 hivi, lenzi huanza kuwa ngumu. Haijikunji tena kama zamani. Herufi huonekana kama zina ukungu.

Mtu huyo hukaza macho na kukunja uso. Misuli huchoka, kama mkono unavyochoka kwa kushika jembe kutwa. Ndipo kichwa huuma, hasa kwenye paji la uso na juu ya macho.

Shida hii huwapata watu wote wanapozeeka. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, ulitolewa mwaka 2006. Ulionyesha kwamba watu wapatao 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa nayo.

Dalili zake

1. Kichwa huanza kuuma ukisoma, ukishona, ukichagua kahawa au ukinyonyoa senene usiku. Ukipumzika, maumivu hupungua.
2. Unashika gazeti mbali ndipo usome.
3. Huwezi kutunga uzi kwenye sindano, lakini mtumbwi ulio mbali ziwani unauona.

Watoto na vijana nao huweza kuwa na macho yenye kasoro. Mtoto akilalamika kichwa baada ya shule, au akisogelea ubao ili aone, apimwe macho.

Ufanye nini?

Anza na zahanati yako. Uliza mahali pa kupimwa macho, kama vile hospitali ya mkoa mjini Bukoba, au hospitali ya Rubya kwa watu wa Muleba. Usiazime tu miwani ya jirani. Kipimo kitaonyesha pia kama una ugonjwa mwingine uliojificha.

Soma mchana, karibu na mlango au dirisha. Mwanga wa koroboi ni hafifu na huchosha macho. Kila baada ya kurasa chache, inua uso utazame migomba iliyo mbali.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala mkojo. Vitu hivyo vinaweza kuleta vidonda na upofu. Usimeze vidonge vya maumivu kila siku. Vikizidi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Usingoje hata siku moja

Si kila kichwa kinachouma kinatokana na kukosa miwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mambo haya:

- Jicho jekundu linauma sana, kichwa kinauma, unatapika, na taa unaiona imezungukwa na duara za rangi. Presha ya jicho imepanda ghafla. Ukichelewa unaweza kupofuka.
- Mama mjamzito anaumwa sana kichwa, anaona ukungu au vimulimuli. Huenda ni dalili ya kifafa cha mimba.
- Macho yamepoteza nuru ghafla, au uso umepinda, au mkono umelegea. Huenda ni kiharusi.
- Kichwa kinauma pamoja na homa. Pimwa malaria. Shingo ikikakamaa, ni hatari zaidi.

Bibi yule alipimwa, akapata miwani. Alirudi darasani. Juzi alipata barua kutoka kwa binti yake aliyeko Mwanza. Zamani angemwita mtoto wa jirani amsomee, na mambo ya nyumbani kwake yangejulikana kijiji kizima. Safari hii alifunga mlango wa uani, akakaa penye mwanga wa dirisha, akaisoma mwenyewe.

Ndugu msomaji, kama umeacha kusoma kwa sababu ya kichwa, usikate tamaa. Pima macho kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kichwa cha bibi kilikuwa kinauma?
2. Taja dalili mbili zinazokutaka uende hospitali siku hiyo hiyo.
3. Je, kuna mtu katika darasa lenu aliyeacha kusoma? Nani atakwenda kumweleza habari hizi?