Mawe ya Gede na Maswali ya Watoto

Somo la wiki. Andiko la msingi: Yoshua 4:1–7. Soma pia Marko 6:30–34 na 1 Samweli 7:15 hadi 8:3.

Somo la leo nalileta nikiwa mwanafunzi aliyelifeli. Mara nne tulipanga kutoka na watoto, mara nne nikaahirisha. Kwanza mazishi, halafu semina ya viongozi, halafu kamati ya ujenzi, na ya nne hata sikumbuki ilikuwa nini. Kila mara jibu langu lilikuwa lilelile: ni kazi ya Bwana. Jibu hilo halina mpinzani. Mtoto atambishia Bwana vipi?

Mara ya tano nilipotangaza mezani kwamba Jumamosi tunatoka, binti yetu wa miaka sita alitoa viatu vyake vya Jumapili akaviweka mlangoni, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kifungua mimba wetu, miaka kumi na mmoja, alisema tu "Sawa, Baba," akaendelea kula. Hakuuliza tunaenda wapi. Usiku mke wangu akaniambia, "Huyo ameacha kukuamini." Sikulala vizuri.

Nilisomea biashara, na chuoni tulifundishwa kwamba kila saa unayotumia mahali fulani umeinyima mahali pengine. Niliielewa hesabu hiyo kwa maduka na mitaji, nyumbani kwangu sikuipiga hata siku moja. Soma habari za Samweli. Kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua Israeli, mtumishi asiye na doa. Sura inayofuata tu, tunaambiwa wanawe walipenda fedha na kupokea rushwa. Biblia haisemi ni kwa sababu baba alikuwa safarini, nami sitaiongezea neno. Lakini mtumishi yeyote mwenye watoto akifika hapo husoma polepole.

Sasa, tuende wapi? Watoto walitaka mabwawa ya michezo kule Mombasa, yale yenye mabomba ya kuteleza mpaka majini. Kutoka Watamu ni karibu kilomita 100, na ukijumlisha nauli na kiingilio cha watu wanne, bajeti inakataa. Tulikuwa na kopo letu, shilingi 200 kila Jumatatu kwa wiki 12, yaani 2,400. Mama watoto akasema, "Kwani Gede kuna nini?" Ukweli wa aibu ni kwamba nimezaliwa huku, nimepita pale stendi ya Gede mara elfu, na ndani ya magofu sijawahi kuingia. Wengi wetu tunadhani pale ni pa wazungu.

Tukafunga mahamri, viazi karai na maji, tukakodi tuktuk. Wakenya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na watoto kidogo zaidi. Weka pesa kwenye simu, maana makumbusho siku hizi hulipiwa hivyo.

Wapendwa, nilishangaa. Mle ndani ya msitu mna mji mzima: jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima, nyumba zenye vyoo vya mawe (watoto walicheka sana hapo), yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe miaka mamia iliyopita. Kaburi moja limeandikwa mwaka, 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa kalenda yetu. Wachimbaji chini ya James Kirkman, walioanza mwaka 1948, walikuta bakuli za China na shanga za Venice. Yaani mtu wa Gede alikula katika bakuli lililovuka bahari nzima, wakati huo! Mji uliachwa katika karne ya 17. Wataalamu wanataja maji ya visima kupungua, na vita. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sisi tunapita nje tukielekea sokoni.

Tuko kando ya kisima cha msikiti mkuu, simu ikalia. Mambo ya saruji. Nikasogea pembeni, nikaongea kama dakika ishirini. Niliporudi, binti yangu alikuwa ameshika mkono wa kiongozi wa wageni akimwuliza, "Hawa watu walienda wapi?" Swali zuri kuliko yote siku ile, na akaulizwa mtu mwingine. Kaka yake alikuwa amekaa juu ya jiwe, mbali, hanitazami. Simu ikalia tena. Nikaizima, nikampa mke wangu aiweke kwenye kikapu chini ya mahamri. Saruji ilingoja mpaka Jumatatu, na ukuta wa kanisa haukuanguka.

Najua kuna mpendwa atakayesema, mtumishi, hata Yesu alipowaita wanafunzi wapumzike mahali pa faragha, makutano waliwafuata, naye akawahurumia. Kweli, ni mstari wa 33 na 34. Lakini anza mstari wa 31. Watu walikuwa wanakuja na kuondoka hata nafasi ya kula hawana, na ni yeye aliyetoa wazo la kuondoka. Alipanga. Mashua ilipanda. Mimi nilikuwa nawapa makutano siku yangu kabla hata hawajaiomba.

Nikakaa juu ya jiwe karibu na kijana wangu. Kimya. Halafu akauliza, "Baba, ulikuja hapa ukiwa mdogo?" Nikamwambia hapana, hawe alitukataza. Alisema magofu yana wenyewe, ukiingia hutoki salama. "Na sasa hauogopi?" Ndipo nikamsimulia jambo ambalo sikuwahi kumwambia: jinsi hawe alivyookoka katika mkutano wa hema kule Malindi, akarudi nyumbani usiku kwa miguu akiimba, na tangu siku hiyo hakuogopa msitu wala kaburi. Yeye ndiye wa kwanza kuokoka katika ukoo wetu. Mwanangu anaimba katika kwaya ya watoto, na hakujua imani hii iliingia vipi nyumbani kwetu.

Hapo Yoshua 4 ikafunguka. Mawe kumi na mawili kutoka Yordani yaliwekwa kwa sababu ya siku ambayo watoto watauliza maana yake. Mungu alihesabu kwamba mtoto atauliza, na kwamba mzazi atakuwa amesimama pale.

Neno moja kwa wanaoniuliza kama ni sawa mlokole kuingia Gede. Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, Zaburi ya 24. Na waliojenga mji ule walikuwa Waislamu wa pwani hii, ndugu wa majirani zetu. Ingieni kwa heshima, msipande juu ya kuta wala makaburi.

Jioni tulienda Mida, kwenye daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko. Pale ndipo watoto walipopata mabomba yao ya kuteleza! Linayumba, mke wangu akaita jina la Yesu kila hatua, na kijana wangu akalitikisa makusudi. Kiingilio cha pale kimekuwa kikisaidia karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kopo lilibaki na shilingi 150. Jumapili tulikuwa ibadani saa tatu kamili.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: kila mzazi asimulie ni nani aliyeokoka kwanza katika ukoo wake, wapi na vipi, na watoto wawepo wakisikia, wasitumwe nje kucheza. Kisha fungueni kalenda, mchague Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, muiandike kwa kalamu. Ya kwetu imeshaandikwa. Kijana ndiye aliyeichagua.