Vitabu vya waandishi wetu kwa watoto

*Mwalimu, binti yangu ana miaka 7, kaka yake 14. Hadithi tulizo nazo nyumbani zimejaa theluji na watoto wa Kizungu. Nianze na waandishi gani Weusi? – Mama, Nyakoe*

Mama, hujachelewa. Vitabu vya nje hutufikia kwa urahisi, hasa vya mtumba na vya msaada, ila vyetu vipo.

Kwa binti, tafuta *Sulwe* (2019) cha Lupita Nyong'o, chenye tafsiri ya Kiswahili: msichana mweusi tii ajifunza kujipenda. Msomee kwa sauti, na mzungumze kwa Ekegusii mkipenda.

Kijana mpe *Chike and the River* (1966) cha Chinua Achebe, kifupi na chepesi, au vituko vya shuleni vya *Moses* vya Barbara Kimenye. Akizoea, mpe *Siku Njema* (1996) cha Ken Walibora, safari ya kijana kutoka Tanga kumtafuta babake Kenya.

Kabla ya kununua, ulizia maktaba ya umma mjini Kisii. Kitabu kisipomnasa mtoto, badilisha, usimlazimishe.

Mtoto yeyote akisoma kwa kubahatisha maneno au akilalamikia macho, zungumza na mwalimu wake, kisha apimwe macho.