Mdogo wangu, giaboksi haiuawi na spidi, inauawa na joto

Mdogo wangu wa Morogoro, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeweka akiba miaka minne, ukaagiza Mark X ya V6, lita 2.5, na sasa kila asubuhi ukitia D gari linatulia kwanza, ndipo linashtuka na kuondoka. Wenzako wanakwambia uliuze kabla halijalala kabisa. Kaa hapa karibu na dada yako tuongee. Na ninyi wenye Crown, Subaru na BMW sogeeni pia, maana ugonjwa huu hauchagui nembo.

Kwanza nikusifu kwa kusema ukweli. Umeandika kwamba kwenye taa unaweka N, unaikanyaga injini mpaka ingurume, kisha taa ikiwaka kijani unasukuma D. Hapo ndipo maumivu yalipoanzia.

Gari la otomatiki halina pedeli ya klachi, lakini klachi linazo, tena nyingi. Ni sahani nyembamba zilizopangwa ndani ya giaboksi, zinaogelea kwenye oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayozibana kwa shinikizo ili gia ishike. Ukisukuma D injini ikiwa inanguruma, sahani zinapokea nguvu yote kwa mpigo mmoja. Hazivunjiki siku hiyo. Zinakwanguka kidogo. Kesho kidogo tena, na bandu bandu huisha gogo. Ule unga unaingia kwenye oili, unaziba vijia vyembamba vya valvu, shinikizo linapungua, sahani zinaanza kuteleza, na kila kinachoteleza kinazalisha joto. Joto linaunguza oili, oili iliyoungua inashindwa kulinda sahani. Ni duara, na ukishaingia humo kutoka ni gharama.

Ndiyo maana safari ya Dar mpaka Morogoro kwa mwendo wa sawasawa haiichoshi giaboksi. Gari likishachanganya, kuna klachi ndani ya toki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, ambayo hujifunga, injini na giaboksi vinazunguka pamoja, na joto linashuka. Kinachochosha ni kukanyaga mpaka chini kila unapoona lori mbele, kufunga breki, kisha kukanyaga tena. Na usidhani foleni ni mapumziko: konveta inateleza muda wote huku kiyoyozi kikiongeza joto mbele ya rejeta.

Haya siyasemi kwa kusimuliwa. Gari langu la kwanza la otomatiki liliniacha mlimani Kitonga, nikipanda kwenda Iringa. Nilikuwa nimepita malori matatu kwa mkupuo. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, gari likawa linapungua mwendo, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Fundi wangu alikuwa ameniambia oili ya giaboksi ni "oili ya maisha", haibadilishwi, nami nikaamini bila kuuliza. Nililala Ilula, na fedha niliyolipa kurekebisha ilikuwa ya kiwanja.

Tuje kwenye hilo neno, "oili ya maisha". ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi za BMW nyingi, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8, na mapema zaidi kwa anayeendesha kwa nguvu. Kama mtengenezaji anasema hivyo, nani mwingine wa kubisha? Mark X ziliacha kutengenezwa Desemba 2019, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshakula miaka, na historia ya oili yake imebaki Japani. Mimi sasa nabadilisha kila kilomita 50,000.

Ila badilisha kwa akili. Mark X inataka oili ya Toyota WS, si oili yoyote nyekundu iliyopo dukani. Subaru yenye giaboksi ya CVT inataka oili ya CVT, na ukichanganya umeiua. Mark X haina kijiti cha kupimia oili ya gia: hupimwa chini, gari likiwa limelala sawa, injini inawaka, oili ikiwa kwenye joto lililopangwa. Fundi anayemimina kwa macho, mshukuru uondoke. Ukimwaga, oili nyingi hubaki ndani ya konveta, hivyo mwage na ujaze, tembea siku chache, urudie. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya shinikizo kwenye giaboksi iliyozeeka.

Na mguu wako nao uufundishe. Asubuhi nenda taratibu mpaka gari lipate joto. Usikanyage breki na mafuta kwa pamoja ili urushe gari. R na D zibadilishwe gari likiwa limesimama kabisa. Mlimani tia breki ya mkono kabla ya P, ili uzito wote usining'inie kwenye kijino kimoja cha chuma. Wanaoteremka na N wakidhani wanaokoa mafuta wanajidanganya: magari ya sasa, ukiachia mguu ndani ya gia, injini hukata mafuta yenyewe. Ukiwa N umeikosa injini ya kukuzuia, breki zinabaki peke yake, na mteremko haukusubiri. Teremka kwa gia ya chini.

Rejeta nayo itie maji yake maalumu, si ya bomba. Oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta, na kutu ikitoboa, maji na oili hukutana. Ukiona maji yana rangi ya maziwa ya pinki, zima gari hapo hapo.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kuchelewa kushika asubuhi bado ni kikohozi, si kaburi. Wiki hii peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake, apime kiwango cha oili kabla ya kugusa kingine, kisha muitazame oili hiyo pamoja. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, badilisha na uache ile michezo ya kwenye taa. Ikiwa tayari injini inapanda na gari haliendi, oili mpya haitafufua sahani zilizokwisha, na hapo panga fedha ya kufungua. Usikimbilie giaboksi ya mtumba, maana nayo ina historia usiyoijua.

Ukiamua kuuza, mwambie mnunuzi ukweli wote. Naye huenda ameweka akiba miaka minne.