Kabla Mtafiti Hajapiga Hodi: Nani Huamua Utafiti wa Afya Upewe Pesa?

Mkazi wa Kilifi si mgeni kwa watafiti. Tangu mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust uanzishwe hapa mwaka wa 1989, familia nyingi zimejibu maswali, zimetoa damu au kusajili mtoto katika utafiti. Swali huwa lile lile: "Hawa wametumwa na nani, na nani amehakikisha kazi yao ina maana?" Somo letu la leo linafuata ombi la utafiti tangu linapoandikwa hadi mtafiti anapofika mlangoni pako.

Ombi na wakaguzi wake

Mtafiti huanza kwa kuandika ombi la ufadhili. Hueleza swali analotaka kujibu, njia atakayotumia, idadi ya washiriki, muda na bajeti. Ombi hupelekwa kwa mfadhili wa nje au wa hapa nchini, kama Hazina ya Kitaifa ya Utafiti iliyoundwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013.

Mfadhili hulituma kwa wanasayansi wengine wa fani hiyo wasiohusika na utafiti wenyewe. Hao ndio wakaguzi. Fikiria kamati ya basari. Maombi ni mengi, pesa ni kidogo, na mwanakamati ambaye mwanawe ameomba anapaswa kutoka nje jina hilo linapojadiliwa. Vivyo hivyo, mkaguzi mwenye uhusiano na mwombaji hujiondoa.

Wakaguzi huuliza: Je, swali hili lina umuhimu? Je, njia itatoa jibu la kuaminika? Je, timu inaweza kazi hii? Katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, kila ombi hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora zaidi. Nchini Uingereza, taasisi ya utafiti wa afya ya NIHR huwaweka pia wananchi wa kawaida kwenye kamati zake, kwa kuwa mgonjwa huona mambo ambayo daktari hayaoni.

Swali lililookoa watoto

Mfano mmoja unatuhusu. Kwa miaka mingi, madaktari katika nchi tajiri waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeishiwa nguvu kwa sababu damu haizunguki vizuri apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Mkaguzi angeweza kusema, "Jibu tunalijua, pesa za nini?" Hata hivyo, utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, ulifadhiliwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza.

Watoto 3,141 walishiriki Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo ya mwaka wa 2011 yaliwashangaza wengi: katika saa 48 za kwanza, karibu watoto 11 kati ya kila 100 waliopewa maji kwa haraka walifariki, ikilinganishwa na 7 kati ya 100 ambao hawakupewa. Kama ombi hilo lingetupwa, huenda tungeendelea kuamini kwamba tunatibu huku tukidhuru.

Mizani ina kasoro

Wakaguzi ni binadamu. Mwaka wa 1997, utafiti nchini Uswidi ulionyesha kwamba mwanamke alihitaji kuwa na kazi za kisayansi takriban mara mbili na nusu zaidi ya mwanamume ili apewe alama sawa. Mwaka wa 2018, wakaguzi 43 nchini Marekani walipewa maombi 25 wayapime, na walitofautiana sana hata kuhusu ombi moja. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza mwaka wa 2013 kutumia bahati nasibu katika mojawapo ya fungu zake: maombi yaliyofikia kiwango yalichaguliwa kwa kura.

Pesa si ruhusa

Hapa ndipo mkazi anapaswa kuwa makini. Kupata pesa si kupata ruhusa. Utafiti unaohusu watu lazima upitishwe na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha mtafiti apate leseni ya NACOSTI. Leseni hiyo huonyesha jina la mtafiti, mada, kaunti anayoruhusiwa kufanyia kazi na tarehe ya kuisha.

Mtafiti akipiga hodi, muulize:

1. Utafiti huu unafadhiliwa na nani, na unatafuta jibu la swali gani?
2. Kamati gani ya maadili iliupitisha?
3. Naomba kuona leseni yako ya NACOSTI.
4. Damu au taarifa zangu zitatumiwaje, na zitahifadhiwa wapi?
5. Matokeo yatarudishwaje kwetu kijijini?

Una haki ya kukataa, au kujiondoa baada ya kukubali, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Mtafiti wa kweli hachukizwi na maswali haya. Ameshajibu magumu zaidi mbele ya wakaguzi. Wewe ndiwe mkaguzi wa mwisho.