Nani Hupanga Likizo ya Mtoto Wako?

Mzazi wa Fort Ternan, tarehe za kufungua na kufunga shule hupangwa na Wizara ya Elimu, wala si mwalimu mkuu. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, husimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Mnakumbuka shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Ili kufidia muda uliopotea, wizara ilibana mihula: mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai, likizo zikawa fupi, na karo zikafuatana bila mzazi kupumua. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023.

Likizo ikishapangwa, ni ya mtoto. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mkutano wa wazazi hauwezi kuihalalisha, hata wote wakiinua mikono.

Ukiitishwa pesa hizo, waulize wawakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi ya shule; sheria imewapa nafasi sita. Wasipokujibu, fika katika ofisi ya elimu ya Kipkelion Magharibi.