Mawimbi ya Ubongo na Ugonjwa wa Kifafa

Mwaka huu chama chetu kilinitaka niandike somo la sayansi kwa Kiswahili, nami nimechagua kifafa. Sikukitoa mbali, ninacho nyumbani.

Mdogo wangu yuko darasa la sita. Alianza kuanguka akiwa na miaka minane. Watoto wenziwe waliacha kunywa naye kikombe kimoja, na baba akamkataza kupanda mashua. Bibi yetu alisema ni pepo wa baharini. Mwishowe tulivuka hadi Mokowe, tukapanda basi mpaka Mombasa, akapimwa ubongo kwa mashine iitwayo EEG. Majibu yakatoka safi, hakuna kitu. Tuliporudi Amu bibi akasema, "Si niliwaambia? Ingekuwa maradhi, mashine ingeyaona."

Je, bibi alisema kweli? Hilo ndilo somo letu.

EEG ni nini?

Ubongo una chembe nyingi mno, nazo hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Mjerumani mmoja, Daktari Hans Berger wa mji wa Jena, ndiye aliyeanza kuupima umeme huo kichwani mwa mwanadamu mwaka 1924, akatangaza habari zake mwaka 1929. Siku hizi mgonjwa hubandikwa vidude vidogo vya chuma kichwani, waya zikaingia mashineni, na mashine ikachora mawimbi. Haimpigi mtu shoti wala haisomi mawazo yake, inasikiliza tu.

Mtu mzima akifumba macho akatulia, mawimbi ya upande wa kisogoni huwa kama 10 kwa sekunde. Kwa mwenye kifafa, chembe nyingi huweza kuwaka pamoja kwa ghafula, na mstari ukatoa ncha kali kama mwiba. Lakini miiba hiyo haitoki kila saa. Kipimo cha nusu saa huona ya nusu saa hiyo tu. Ni kama mtu asimame gatini nusu saa asione pomboo, kisha aseme bahari ya Amu haina pomboo.

Mawimbi ya kasi

Ndipo wataalamu wakatafuta alama nyingine. Mwaka 1999 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walieleza mawimbi ya kasi sana, 250 hadi 500 kwa sekunde. Waliyapata kwa waya zilizoingizwa ndani ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Yalitokea hasa pale kifafa kinapoanzia, hata wakati mgonjwa hajaanguka.

Lakini nani atakubali kutobolewa kichwa ili apimwe tu? Na kupima juu ya ngozi kulidhaniwa hakufai, kwa kuwa mawimbi hayo ni madogo na fuvu ni nene. Fikiria nyumba zetu za mawe. Ngoma ikipigwa ndani, aliye nje kichochoroni atasikia mdundo, lakini hatawasikia wanaonong'ona. Basi mwaka 2011 madaktari wa Montreal, Kanada, walitangaza kwamba wameyaona mawimbi ya zaidi ya 80 kwa sekunde juu ya kichwa, bila kupasua, na yalizidi pale kifafa kinapoanzia. Kumbe mnong'ono hupita ukutani, ukitegewa sikio vizuri.

Mbona basi si kipimo cha kila hospitali? Kwanza, wimbi moja lahitaji kupimwa zaidi ya mara mbili ili lionekane. Mashine inayopima mara 200 kwa sekunde haiwezi kuona mawimbi yanayozidi 100. Pili, mtoto akiuma meno au akikunja uso, misuli nayo hutoa umeme wa kasi unaofanana na ule. Tatu, hata ubongo usio na ugonjwa hutoa mawimbi ya kasi, kwa mfano unapohifadhi kumbukumbu. Kwa hivyo jambo hili bado linachunguzwa.

Kwetu pwani

Kifafa si kigeni kwetu. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walipita wakihesabu wagonjwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha karibu watu 8 katika kila 1,000 wana kifafa cha kuanguka na kutetemeka. Malaria inayopanda kichwani utotoni huweza kuacha kifafa, na pia shida wakati wa kuzaliwa.

Sasa nirudi kwa bibi. Daktari wetu alipoiona karatasi safi hakusema mtoto hana ugonjwa. Aliuliza, "Nani alimwona akianguka?" Nikasema ni mimi. Nikamweleza kwamba mkono wa kushoto ndio unaoanza kutetemeka, kisha mdomo unakwenda upande, ndipo anaanguka. Akasema, "Hapo umenisaidia kuliko mashine." Mkono wa kushoto huendeshwa na upande wa kulia wa ubongo, basi akajua pa kushuku, akaandika dawa za kila siku. Mashine haikusema hakuna kifafa. Ilisema haikukiona siku ile.

Shirika la Afya Duniani lasema hadi watu 7 katika kila 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Mdogo wangu sasa ana miezi mitano hajaanguka, ingawa baharini haendi peke yake.

Ukimwona mwenzako ameanguka darasani, usikimbie. Ondoa vitu vikali karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu. Povu lake haliambukizi. Tazama saa: zikipita dakika 5 apelekwe hospitali. Na uangalie ni kiungo gani kilichoanza, kwa sababu daktari hakuwapo, wewe ulikuwapo.

Bibi bado hajakubali yote niliyoyaandika hapa. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, yeye ndiye anayeuliza, "Huyu kijana amekunywa dawa?"